Nusu Inchi ya Shangazi

Nimefanya kazi na wapumbavu wengi, lakini yule mpimaji wa mgodi uliokuwa karibu na kwetu Geita, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, aliwashinda wote. Mzungu mwenye soksi za magotini, na dira ya shaba aliyoifuta kwa leso kila aliposimama. Mimi nilikuwa karani wake. Yeye alisoma nyuzi za dira, mimi niliandika, kisha nikachora ramani kwa wino, kwa sababu mchoro wake ulikuwa kama kuku aliyeparura.

Tulipima mpaka wa mgodi kigingi hadi kigingi, tuuzunguke wote turudi tulipoanzia. Siku ya tatu tukapanda kilima chenye mawe mekundu. Kila mtu kwetu alijua kwamba wahunzi wa zamani walitoa chuma chao pale. Sindano ya dira ikaanza kuyumba. Kanuni ni nyepesi: ukishapima kuelekea kigingi cha mbele, nenda usimame pale, geuka upime ulikotoka, na tofauti iwe nyuzi mia na themanini. Yetu ilipungua kumi na moja.

"Bwana, chuma cha kilima kinaivuta sindano," nikamwambia.

"Andika. Dira hii imetoka Ulaya."

Kana kwamba chuma cha Geita kingeiogopa!

Ofisini mstari ukakataa kufunga. Kigingi cha mwisho kiliangukia nusu inchi kando ya cha kwanza, na kwa kipimo cha ramani yetu nusu inchi ilikuwa yadi mia. Mtu mwenye akili angerudi kilimani apime upya bila kuitegemea sindano. Huyu alichukua kifutio. Akasogeza vigingi viwili kwa penseli mpaka ncha zikakutana, akapiga mluzi, akaniachia nitie wino.

Niliona alichokimeza: nyumba ya shangazi yangu mjane, shamba lake la muhogo na kaburi la mumewe. Vyote viliingia ndani ya mpaka wa mgodi. Nikatia wino. Nilitaka cheo, sababu nyingine sina, na sitaitafuta uzeeni.

Mawe ya mpaka yalipopandwa kwa kufuata ramani, shangazi akaambiwa ahame. Akaja ofisini kwa miguu. Nikamwamkia, akaitikia, akataka kuiona hiyo karatasi. Hakujua kusoma, lakini nilipomwonyesha mto na kilima aliielewa upesi kuliko bwana mkubwa. Akaufuata mstari kwa kidole kutoka kilimani, akasimama.

"Hapa umepindwa. Mlipita nje ya muhogo wangu na mnyororo wenu wa kupimia, nami niliwapa maji ya kunywa. Nani ameupinda?"

"Mzungu," nikasema.

Akanishika mkono uliokuwa bado na madoa ya wino.

"Afadhali wewe umo humu, mwanangu. Utanisemea."

Nikamwitikia ndiyo. Sikumsemea hata neno moja.