Laini ya Jirani kwa Kitambulisho Changu

Kwetu chini ya kilima cha Mbuya, kumsajilia jirani laini ya simu ni kama kumwazima jiko. Jirani yangu Mkongo, mshonaji, alikuwa bado anasubiri karatasi zake za ukimbizi, na bila karatasi huuziwi laini. Nikatoa kitambulisho changu. Akawa anampigia mama yake mgonjwa aliyeko Goma.

Asubuhi moja akaja mwanamume aliyevaa jezi ya mpira. Mimi mtoto wa polisi, nimekulia kambini. Viatu vyake vya kiaskari vilitosha kunieleza kazi yake. Akaitaja ile namba. Alisema inapiga Goma kila jioni, mahali penye waasi.

"Namba ni yako, mama?"

Ningekana, wangempakia jirani kwenye gari, na nani angethubutu kuuliza alikopelekwa? Nikasema ni yangu. Redioni nilikuwa nimemsikia wakili akieleza kwamba simu ya mtu haisikilizwi bila ruhusa ya jaji, basi nikajikaza.

"Afande, iko na karatasi ya jaji?"

Alicheka kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha.

"Jaji ni ya kusikiliza maneno, mama. Sisi hapana sikia neno. Sisi naona tu nani napigia nani, saa ngapi, iko wapi."

Kumbe sheria niliyoitegemea ilikuwa nyumba yenye kufuli mbele na nyuma haina ukuta! Nilihisi niko uchi mbele ya mgeni.

"Goma napigia nani?"

"Mama yangu."

"Mama yako iko kaburini, Gulu. Siku ya kuzika, simu yako ile ingine ilikuwa huko."

Aliinuka, akasema atarudi, nifikirie vizuri.

Nilikwenda kwa jirani. Nikamweleza yote, nikamwambia aitoe ile laini.

"Mama yangu anashikaka tu hii namba kichwani," alisema. "Atawaza nimekufa."

Nilimwonea huruma, Mungu anajua, lakini woga ulinizidi. Nikamnyang'anya simu, nikachomoa laini, nikaikata kwa mkasi wake wa kushonea.

Hakulia wala hakunilaumu. Alisogeza kiti chake nyuma taratibu, macho kwenye mkasi mkononi mwangu, na nikaona kwamba sasa ananiogopa mimi.