Klarineti Isiyoingia Ukumbini

Mimi nilikuwa mshabiki mwenye kigoda. Kilosa ya miaka ile, mtu aliyeipenda bendi kweli hakwenda bugi mikono mitupu akagombee viti na wafanyakazi wa reli. Alibeba kigoda kutoka nyumbani, akakiweka mbele, na pale pakawa pake mpaka afe au ahamie Morogoro. Wanawake wenye vigoda tulikuwa sita. Nilituhesabu mara mbili kila Jumapili, maana mke wa fundi cherehani alikuwa na tabia ya kuja na wadogo zake wawili na kuwakalisha kwa zamu, kigoda kimoja watu watatu, halafu anajifanya haoni tunavyomtazama.

Bugi lilikuwa dansi la mchana, ukumbini. Watu wametoka kanisani, wengine wameswali adhuhuri, wote wamekula, na jua likianza kulegea kila mtu yuko kwake. Wanamuziki walikuwa tisa. Mpiga besi alikuwa mpima pamba, mwimbaji alikuwa karani wa shamba la mkonge Kimamba, na mpuliza saksafoni alishona viatu kwenye kibanda karibu na stesheni. Mimi niliuza vitunguu. Sauti sikuwa nayo, na kucheza nilicheza kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Nilichopenda ni maneno yao. Jumamosi, kwenye mazoezi, nilikaa nikisikiliza ubishi wao. Mpiga gitaa la solo alidai mwimbaji ana maneno mengi kuliko wimbo unavyoweza kubeba. Mwimbaji akamjibu kwamba gitaa lake linalalama kama mtu aliyenyimwa chai. Waliponiuliza nani ana haki, nikasema kila mmoja apunguze robo. Walicheka, lakini walipunguza.

Mpuliza saksafoni hakuwa mbishi. Alikuwa akikaa pembeni na chombo chake mapajani, akikifuta kwa kitambaa kilekile alichofutia viatu vya watu. Siku moja ikaja habari kwamba gari la redio litapita Kilosa baada ya wiki tatu kurekodi bendi za huku, wimbo mmoja kwa kila bendi. Wenzake wakaanza kutaja watu wa kwao watakaowasikia: mashemeji, wachumba waliowakataa, walimu waliowachapa. Yeye alisema neno moja tu. Alisema mama atasikia.

Nilimjua mama yake. Alikuwa mtu wa milimani, Mwanglikana wa kukaa benchi la mbele kabisa kanisani, na sasa alikaa kwenye kijiji kipya huko Malolo, kando ya barabara, walikohamishiwa wote wakati wa kuunda vijiji vya ujamaa. Alilima vitunguu, na mimi nilikuwa mnunuzi wake. Mumewe, ambaye alikuwa marehemu wakati huo, alipiga klarineti kwenye bendi ya misheni, akamfundisha mtoto wao. Mtoto alipokua akaiacha bendi ya misheni, akaja Kilosa kupiga dansi. Mama hakumlaani wala hakumfukuza. Aliacha tu kuuliza.

"Nikienda kumwona ananiuliza habari za viatu," mwanawe aliniambia, kichwa chini, akikaza uzi kwenye soli. "Viatu vinakwendaje. Ngozi inapatikana. Watoto wazima. Miaka kumi na moja, dada, hajauliza muziki hata siku moja."

"Na redio atasikiliza?"

"Redio ni ya serikali. Anakwenda ofisi ya kijiji kila jioni, anakaa benchi la mbele. Ukumbini hatakanyaga. Lakini redio haimwiti ukumbini, inamfuata alipo."

Kwa hiyo nikajua kilicho rohoni mwake, na nikajua pia kinachomzuia. Kwenye mdomo wa saksafoni hufungwa kibanzi chembamba cha tete. Ndicho kinachotetemeka, na bila hicho chombo kizima ni bomba tu la shaba. Cha kwake kilikuwa kimoja, kimepasuka ncha, na ufa ameuziba kwa rangi ya kucha ya mkewe. Maduka ya Morogoro hayakuwa navyo. Ilikuwa miaka ambayo hata sabuni ilikuwa na foleni yake. Nani angepanga foleni ya vibanzi?

Mimi nikasema niachie hilo. Siku za katikati ya wiki nilikuwa nikipanda treni ya Kidatu mpaka Mikumi, kuuza vitunguu kwenye barabara kuu ambapo malori ya Zambia yalisimama. Huko nilikuwa na dereva wangu, mrefu, mpole, Kiswahili chake kimepinda kidogo kama bodi ya lori lake. Nikamweleza: vibanzi vya kupulizia, vya tete, vinakaa kwenye kiboksi. Tukavutana. Yeye alitaka debe mbili za vitunguu na mkeka. Nikampa debe moja na mkeka, na nikamfanya aamini mkeka ule ulikuwa wa mama yangu na ninaachana nao kwa machozi. Alirudi baada ya siku tisa akiwa na kiboksi. Nikakifungua palepale barabarani, nikahesabu. Vilikuwa kumi. Nikahesabu tena. Vilikuwa kumi. Nikapanda treni nikijiona mtu wa maana sana.

Kwenye kibanda chake mpuliza saksafoni alikifungua kama mtu anayefungua barua. Akachukua kimoja, akakiweka kwenye mdomo wa saksafoni. Kikakaa katikati, huku na huku pamebaki uwazi. Akapuliza, ikatoka hewa tu.

"Dada," akasema taratibu, "hivi ni vya klarineti."

"Viko kumi," nikasema. Nikamsogezea kiboksi.

"Viko kumi," akakubali. "Vyote vya klarineti."

Nilikuwa nimehesabu mara mbili na sikupima hata mara moja. Hakunilaumu. Alinitengenezea kandambili zangu wakati tunaongea, bila kuulizwa, na hilo lilinichoma kuliko kulaumiwa. Mwishowe akasema klarineti ipo. Ya baba yake. Iko kwa mama, ndani ya sanduku la bati, haijatolewa tangu mazishi. Yeye asingeweza kwenda kuiomba.

"Nikifika tu ataanza viatu," akasema.

Nikaenda mimi. Kwenda Malolo nilikuwa nakwenda hata hivyo.

Nilimkuta mama uani asubuhi, anachambua vitunguu, vikubwa huku na vidogo huku. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua uso, nikachuchumaa nikaanza kuchambua naye. Katika wauzaji wote niliopata kuvutana nao kutoka Kimamba mpaka Ruhembe, huyu ndiye peke yake aliyekuwa akinishinda. Alikuwa hapandishi sauti. Alikuwa anakaa kimya mpaka wewe mwenyewe unaona aibu ya bei uliyotaja.

"Leo hukuja kwa vitunguu," akasema. "Hujalalamika."

Nikamwambia yote. Gari la redio, saksafoni, vibanzi, kosa langu, na klarineti ya marehemu niliyokuja kuiomba. Sikuficha kwamba ni wimbo wa dansi, maana mtu wa namna ile ukimficha kitu kimoja anakudai vyote. Aliendelea kuchambua. Nilihesabu vitunguu kumi na saba vikipita mikononi mwake.

"Ukumbini haiingii," akasema.

Nikaeleza kwamba siku hiyo hakuna dansi, hakuna pombe, ni kurekodi tu, na atakayesimamia ni mtumishi wa serikali. Akasema ukumbini haiingii. Nikasema basi mlango wa nyuma. Akanitazama tu. Nikashuka tena, nikasema barazani je, nje ya mlango.

"Baraza na ukumbi paa moja?"

"Moja, mama."

"Basi ni ukumbi."

Tulikubaliana nje ya paa. Aliingia ndani, akatoka na kifurushi cha kanga ya zamani iliyofuliwa mpaka maua hayaonekani tena. Nikanyoosha mikono, lakini akakishikilia kidogo.

"Na airudishe mwenyewe," akasema. "Si wewe. Mwanangu mwenyewe."

Nilipokuwa barabarani ndipo nilipoona kwamba nimeshindwa tena. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nikikazana na paa na baraza. Yeye bei yake ilikuwa ile ya mwisho.

Klarineti ilikuwa imekauka. Vifuniko vidogo vya ngozi vimeliwa na mende, viungo vinachezacheza. Lakini ilikuwa imefika kwa fundi viatu. Alikata ngozi laini ya ndani ya kiatu, akaviringisha uzi kwenye viungo, akaupaka nta. Siku ya kwanza vidole vilipotea na kibanzi kimoja kikapasuka. Siku ya tatu nilikuwa napita na kapu langu nikasikia sauti kibandani, nyembamba, ya mtu anayejaribu kukumbuka njia ya nyumbani kwao. Sikuingia. Nilisimama nje nikajifanya natoa mawe kwenye kiatu, na kiatu chenyewe kilikuwa kandambili.

Gari la redio lilifika mchana. Fundi mitambo alikuwa kijana mwembamba mwenye mashine zake na haraka zake, na alipoambiwa mpulizaji atasimama nje alikataa. Alisema nje kuna upepo, kuna kuku, kuna treni. Nikamwuliza kama ndani, chini ya yale mabati, sauti haimrudii. Akakiri inamrudia. Nikasema basi huyu mmoja asimame nje ya dirisha, kipaza sauti kimoja kitoke, wenzake wabaki ndani; kuku na upepo ni juu yetu. Akauliza sisi ni nani. Nikamwonyesha vigoda.

Wanawake sita tulitoka na vigoda vyetu tukamzunguka. Kabla hajasimama nilihesabu hatua kutoka pale maji ya paa yanapodondokea: mbili. Nikapima tena kwa kamba: mbili na ushee. Safari hii nilipima. Kisha tukainua kanga zetu kama ukuta kuzuia upepo, na mke wa fundi cherehani, ambaye siku hiyo wadogo zake walifaa kwa kitu, aliwapa kazi ya kuku. Mpulizaji alisimama katikati, jua likimpiga shingoni, akiwatazama wenzake kupitia dirishani ili aone mguu wa mpiga ngoma. Mikono iliniuma mpaka mabegani. Katikati ya wimbo aliinua klarineti kidogo, akafumba macho, na mama mmoja karibu nami akaanza kulia kimyakimya bila kushusha kanga. Wimbo ulipokwisha kibanzi cha pili nacho kilikuwa na ufa.

Wiki kadhaa baadaye redio ikatangaza bendi za mikoani zitasikika Jumamosi jioni. Tulikwenda Malolo pamoja, mpulizaji na kifurushi, mimi na magunia matupu ili nionekane nina shughuli zangu. Alimpa mama yake shikamoo, naye akamwuliza habari za viatu. Akajibu viatu vinakwenda vizuri. Kisha tukatembea wote mpaka ofisi ya kijiji, mama akakaa benchi la mbele, sisi nyuma yake.

Wimbo wetu ulikuwa wa tatu. Mwimbaji aliimba maneno yake, yaliyopunguzwa robo. Halafu ikaja klarineti. Nilikuwa naona mgongo wa mama tu. Haukutikisika. Mahali pale ambapo mwanawe aliinua chombo, kabla sauti haijapanda, mama naye alivuta pumzi. Niliona mabega yakiinuka. Wimbo ukaisha, zikafuata habari za bei za pamba, na yeye akaendelea kukaa mpaka zikaisha nazo, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu.

Nyumbani alifungua kifurushi kwenye mkeka. Akagusa vipande, vitano, kimoja kimoja. Akarudia tena, vitano. Nilijiona mimi. Alipofika kwenye vifuniko vya ngozi alivibonyeza kwa kidole gumba, akavichungulia kama anavyochungulia kitunguu.

"Baba yako naye alikuwa anavuta pumzi palepale," akasema. "Nilimwambia kila siku awahi kidogo. Hakusikia."

Mwanawe aliinama. Alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe, yenye gundi ya viatu kwenye kucha.

"Vile vibanzi," mama akauliza, "vimebaki vingapi?"

Miaka kumi na moja, na swali likatoka hivi hivi, kama mtu anayeulizia chumvi. Mwanawe akasema vimebaki tisa.

Vilikuwa vinane. Nilivihesabu mwenyewe, mara mbili. Nikawaachia hiyo tisa yao, nikachukua gunia langu, nikatoka uani kutazama vitunguu.