Ndoo Chini ya Meza ya Mchanga

Ofisini tulimwita Shangazi, ingawa hakuwa shangazi wa yeyote kati yetu. Aliajiriwa kufagia. Meza ya mchanga ilipoletwa akapewa na hiyo aitunze, kwa kuwa sisi wasomi hatukutaka kuchafuka.

Meza yenyewe ilikuwa pana kama kitanda cha watu wawili, imejaa mchanga mbichi, na juu yake ulining'inia mkono wa roboti. Kompyuta ilibuni maumbo ya kilima kwa mamia. Mkono ukayachonga mchangani moja baada ya jingine, kisha tukanyunyiza maji kama mvua tuone yanapita wapi. Umbo litakaloshinda lingepelekwa kwenye makatapila yasiyo na dereva, nayo yangekichonga kilima cha kweli kiwe bustani ya jiji. Maji yaliyofika ukingoni mwa meza yalidondokea kwenye ndoo. Kazi ya Shangazi ilikuwa kuimwaga.

"Wanasema maji yakimwagika hayazoleki," alikuwa akitutania. "Mimi mshahara nalipwa wa nini, basi?"

Mchoraji wa mipaka ya mradi nilikuwa mimi. Nasema hili mapema nisije nikaonekana najificha.

Siku moja aliniuliza, tambara la kudekia mkononi, "Mwanangu, haya ya kwenye ndoo yanakwenda wapi?"

"Hayo yametoka nje ya mradi, Shangazi. Hayatuhusu."

Akaitazama kona ya meza iliyo juu ya ndoo. Alikulia chini ya kilima kile, hakuhitaji ramani. "Hapa ndipo ulipo mtaro," alisema. "Hatua ishirini mbele yake ni chumba cha mdogo wangu. Hatembei. Nikija kazini namwacha kitandani, nafunga mlango."

Nilimwambia nitaangalia. Sikuangalia. Tarehe ya kukabidhi kazi ilikuwa imetukaba, na mimi ni mtu wa kusema ndiyo ili mwenzangu aondoke.

Juma lililofuata hakumwaga ndoo. Alipiga deki vyumba vyote, chumba cha meza ya mchanga akakiacha. Ndoo ikajaa, ikafurika, maji yakatambaa chini ya viti mpaka kwenye viatu vya mkurugenzi, tena siku aliyokuwa na wageni.

"Shangazi, vipi? Huoni ndoo imefurika?"

"Hayo yako nje ya mradi, bosi," alijibu, kwa adabu kabisa. "Nimeambiwa hayatuhusu."

Wageni walicheka. Yeye hakucheka. Akaeleza polepole kwamba miaka sita nyuma barabara ilijengwa upande wa juu, maji yake yakaelekezwa mtaroni, na mvua kubwa ya kwanza ikamchukua mama yao akimtoa kitandani yule mdogo wa Shangazi.

"Mdogo wangu alibaki ameng'ang'ania dirisha. Mama tulimpata kesho yake. Pa kuhamia hatukuwa napo. Aliyechora ile barabara naye alikuwa na mpaka wake."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikasema mbele ya wote kwamba aliniuliza, nami nikampuuza. Mkurugenzi hakunigombeza. Aliniagiza tu niirefushe meza, mtaro na kile chumba viingie.

Seremala akaongeza mita moja. Mimi na Shangazi tukaenda kupima mtaro, mlango, hata kizingiti. Mchangani, mahali pa chumba, akaweka kizibo cha soda. Mkono ukakifukia, maana kompyuta haikukijua. Akakifukua, akakifuta kwa kanga, akakirudisha. Hivyo mara nne. Mara ya nne nikaona haya, nikaketi nikakiingiza kwenye hesabu: hapa kuna mtu, pasiguswe, pasifikiwe na maji.

Mara ya tano mkono ulishuka, ukafika kilipo kizibo, ukakizunguka. Juu kidogo ukachimba bwawa, pale tulipopanga maegesho ya magari. Tukanyunyiza mvua kubwa kuliko ile iliyomuua mama yake. Bwawa lilijaa. Kizibo kilibaki kikavu.

Shangazi alichungulia ndoo, akaigeuza, akaikalia. Sikuwahi kumwona amekaa saa za kazi.

"Kumbe ni kuchora tu," alisema.

"Ndiyo, Shangazi."

"Basi hata mama angechorwa."

Alilia bila sauti, mikono magotini. Nikakaa sakafuni kando yake, na hakuna aliyetuita mpaka alipomaliza.