Mdakaji Aliyekataa Kupiga Goti

Saa moja asubuhi mjini Yorkton, Kanada, Brody Hrynchuk amelala chali chini ya mashine ya kuvunia ngano, mikono imejaa grisi. Nje theluji imefika madirishani. Simu yake iko juu ya benchi, na kila mara anatoa kichwa kuichungulia.

"Simu italia tu, wee kaza nati," Walter Pidskalny, fundi mwenzake mwenye miaka sitini na mmoja, anamwambia. "Ukiitolea macho hivyo itaogopa."

Brody ana miaka ishirini na sita. Hadi mwaka juzi alikuwa mdakaji wa klabu ya Korongo katika futiboli ya Kanada, ile ya mpira wenye ncha mbili. Alicheza mechi kumi na moja tu, kisha unga ukamwagika. Mtajie mtu yeyote wa huku jina lake, atacheka kabla hujamaliza.

Wanachokicheka ni sekunde chache. Korongo walikuwa sare na wageni, muda unakwisha. Wageni wakapiga mpira golini wakakosa, ukamwangukia Brody nyuma ya mstari wa goli. Sheria yetu haina huruma: mpira ukifia pale, mpinzani anapata pointi moja, na hiyo moja ilitosha kuwamaliza. Mbele yake palikuwa na ukuta wa watu. Angepiga goti, ndiyo kusema mpira umefia hapo, yaishe. Badala yake akaupiga mpira teke ili utoke pembeni, mechi iende muda wa nyongeza.

Haukutoka. Ulikwenda katikati, ukadakwa na mpinzani, naye akakimbia nao hadi nyuma ya mstari wa goli, pointi sita. Badala ya kufungwa kwa pointi moja, Korongo wakafungwa kwa sita. Kesho yake kocha akamwita.

"Umetufanya vichekesho vya nchi nzima," alimwambia. "Toa vitu vyako kabatini."

Brody anajivuta kutoka chini ya mashine. Hasira yake bado mbichi.

"Mguu uliteleza, uamuzi haukuteleza," anasema. "Ningepiga goti, tulikuwa tumeshashindwa. Nilipopiga teke tulikuwa na nafasi. Sasa mjinga nani hapo?"

Karakana inamlipa dola ishirini na tisa kwa saa, naye hailalamikii. Lakini jioni mkewe, Marnie, mwalimu wa chekechea, humrushia mipira kwenye ukumbi wa kanisa.

"Kudaka bado anadaka," Marnie aliniambia jana nilipokwenda kuwahoji. "Ila anavunja taa, halafu padri ananinunia mimi."

Simu inalia saa tatu. Ni meneja wa klabu moja ya mashariki, aliyeahidi kumwita kwenye majaribio. Brody anaweka sauti ya nje kwa sababu ya grisi.

"Tunakutaka, kijana," meneja anasema. "Ila mashabiki wetu watatucheka. Tutakurekodi kidogo kwanza, useme lile teke lilikuwa kosa. Basi."

"Nikisema nilipiga vibaya?"

"Hapana. Useme hukupaswa kupiga."

Walter ameshika spana hewani. Mimi nimeacha kuandika. Brody anajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Bosi, naitaka hiyo nafasi kuliko chakula. Lakini hilo sisemi."

"Basi usije."

Simu inakatwa. Walter anavua kofia na kuitupa sakafuni.

"Kichwa ngumu wewe! Si ungesema tu, mwanangu? Nani angejali?"

"Mimi."

Brody anakaa kitako juu ya tairi, anakunywa kahawa iliyopoa. Mei kuna majaribio ya wazi Edmonton, mtu yeyote mwenye viatu anaingia. Atakwenda, anasema, hata kama itambidi aendeshe gari usiku kucha.

"Na wakikuuliza habari za lile teke?" namuuliza.

"Nitawaambia waniweke pale pale nyuma, mechi ikiwa sare, nipige tena."