Nilifika ukweni Ujiji na baiskeli ya mume wangu, wakadhani nimeleta msiba

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Miaka yote naingia, nacheka na nyuzi zenu, naondoka. Leo nimeona niandike na mimi. Siongezi chumvi, ingawa siku yenyewe ilianzia Uvinza, na Uvinza chumvi ndiko inakotoka.

Kwanza mnijue. Ni mwanamke, nina mume na mtoto mmoja, tunaishi Tabora.

Mimi na Baba Zulfa tuna ugonjwa wa baiskeli. Wenzetu Jumapili wanatafuta nyama choma, sisi tunatafuta vumbi. Tulikuwa na mpango wa siku nyingi wa kwenda kwao Ujiji kwa baiskeli, tuvuke tambarare zote za Malagarasi, kila mtu na yake.

Halafu mwaka jana akapata kidonda mguuni. Ana sukari. Kidonda kikagoma kupona, na mwisho wa yote mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti. Hapo sitaingia ndani sana, mtanisamehe.

Yeye alilipokea vizuri kuliko mimi. Kilichomshinda ni kimoja tu: kumwambia mama yake.

Mama mkwe wangu ni mjane na huyu ndiye mtoto wake wa kiume pekee. Wakiongea kwa video call, mume wangu anashika simu karibu na uso mpaka mama anauliza, "Mbona siku hizi naona pua tu?"

Kila Ijumaa anasema wiki hii namwambia. Ijumaa inapita.

Jioni moja akaniambia, "Mama Zulfa, nenda ile safari. Chukua baiskeli yangu, ni nyepesi kuliko yako. Ukifika umwambie mama. Mambo haya hayasemwi kwenye simu."

Nikakataa. Nikalia. Halafu nikaenda.

Ndiyo wakuu, peke yangu. Wale wa "mwanamke gani huyo, mume mgonjwa yeye yuko barabarani" najua mpo. Karibuni, viti vipo.

Siku nyingine za njiani ziacheni, nawaeleza ya mwisho tu.

Niliondoka Uvinza asubuhi sana, baridi inauma vidole. Nyasi ndefu huku na huku, barabara imenyooka mpaka macho yanachoka. Kwa wasiojua, ukiendesha peke yako kwenye tambarare, kichwa hakina pa kujificha. Lile jambo ulilokuwa unalikimbia nyumbani linakaa na wewe kwenye usukani.

Basi nikawa nafanya mazoezi ya kusema. Kwa sauti kabisa.

"Mama, nimekuja na habari." Hapana, hiyo inatisha.

"Mama, unajua ugonjwa wa sukari..." Hapana, hilo ni somo la kliniki.

Nikapitana na baba mmoja anasukuma baiskeli yenye madumu ya mawese. Akasimama kunitazama.

"Unaongea na nani, dada?"

"Na mama mkwe."

"Yuko wapi?"

"Ujiji."

Akacheka mpaka akaegemea madumu. "Basi paza sauti, ni mbali bado!"

Nilicheka naye, lakini nilipomwacha nyuma machozi yakanitoka. Sijui kwa nini. Nadhani ni kwa sababu Baba Zulfa angelipenda lile jibu, na alipaswa kuwa pale alisikie mwenyewe.

Milima ikaanza, mapaja yakaanza kunidai. Mchana nikafika Kidahwe, nikakaa kwa mama mmoja anayechoma ndizi kando ya barabara. Nikamsalimia "Mwidiwe", salamu ya mchana ya Kiha niliyofundishwa na mume wangu. Akafurahi, akadhani najua lugha nzima, akanimwagia maneno. Nikakiri kwamba akiba yangu imeishia hapo.

"Weye! Peke yako toka Tabora?" akaniuliza. "Na mumeo kakuacha?"

Sijui ni uchovu au ni zile ndizi. Nikamweleza kila kitu, mguu, mama mkwe, Ijumaa zote zile.

"Yoo, mwanangu," akasema. Akageuza ndizi zake. Halafu akaninyooshea kidole. "Usianze na mguu. Mama mtu akisikia mguu, hasikii tena lingine. Anza na kumwambia, mwanao mzima. Hilo likishamkaa, ndo umpe la mguu."

Nikaona nimepata dawa. Niliondoka pale nina nguvu mpya, naimba maneno yale njia nzima: mwanao mzima, mwanao mzima.

Sasa kuna mahali barabara inashuka na ziwa linafunguka mbele yako, buluu mpaka kwenye milima ya Kongo. Mume wangu amenisimulia pale mara nyingi mno. Nikasimama nimpigie picha nimtumie.

Simu imezima. Chaji imeisha.

Tulikuwa tumekubaliana nikifika Mwanga nimpigie, naye ampigie mama yake amwambie ana mgeni. Hatukumwambia mapema kwa sababu angekosa usingizi, mkamwana wake yuko porini na baiskeli. Mwanga pale sokoni vibanda vya kuchaji simu vimejaa. Lakini nilikuwa nimechoka, nimenuka jasho, na Ujiji ni hapo tu. Nikasema nafika, nitachajia kwa mama.

Kitu kingine mkijue kuhusu ile baiskeli. Mwaka juzi Baba Zulfa alikwenda nayo kwao kwa treni, akakaa nayo likizo nzima. Mama akamshonea kifuniko cha siti kwa kanga yake kuukuu ya zambarau. Mtaa mzima unaijua. Watoto walikuwa wanagombea kupakiwa.

Nilifika baada ya swala ya alasiri. Mama alikuwa barazani na wanawake wenzake wanachambua dagaa, na wifi yangu Hadija yupo.

Mama hakuniangalia mimi. Aliangalia baiskeli. Akaangalia siti. Halafu akanyanyuka na kuchungulia nyuma yangu, barabarani, akisubiri mtu wa pili atokee.

Hakutokea mtu.

Akaweka mikono kichwani. "Mwanangu! Mwanangu kaniacha!"

Akaanguka katikati ya dagaa.

Wakuu, sauti iliyotoka kwa wale wanawake sitaisahau. Nilitupa baiskeli chini nikakimbilia kwake, helmeti bado kichwani, napiga kelele lile somo langu la Kidahwe: "Mama, mwanao mzima! Mzima! Anaumwa kidogo tu, ni mguu!"

Ndipo nikaharibu kabisa.

Mnajua tunavyopeana taarifa za msiba. Nani humu aliwahi kuambiwa moja kwa moja kwamba fulani amefariki? Unaambiwa amezidiwa kidogo, njoo. Anaumwa lakini anaendelea vizuri, ila njoo na nguo za siku kadhaa. Tumelelewa hivyo. Na mimi mwenyewe nimewahi kuwaambia watu hivyo.

Hadija alinishika mabega, machozi yanatiririka, akaniambia kwa upole kabisa, "Wifi, tunajua yanavyosemwaga. Sisi ni watu wazima. Sema tu alifariki lini."

"Hajafariki!"

"Sawa. Amezikwa?"

Nikawa naapa. Kadiri ninavyoapa ndivyo wanavyonionea huruma. Mwanamke mmoja akanivua helmeti taratibu, akanifunika kanga kichwani kama mjane. Mkeka ukatandikwa. Wanaume wakaanza kupanga viti nje. Mtu akaja na kuni. Mama amelala kwenye mapaja ya jirani anamwita mwanawe kwa jina la utotoni ambalo mimi, mke wake, sikuwahi kulisikia.

Nikalia na mimi. Jamani, nililia kweli. Kwa dakika chache pale nikamwona amekufa.

Nilipopata akili nikasema, "Hadija, mpigie kwa simu yako."

Akapiga. Ikaita mpaka ikakata.

Watu wote wakanitazama.

Akapiga tena, video. Ikaita, ikaita. Halafu ikapokelewa, na sura ya mume wangu ikatokea, ana povu la sabuni masikioni. Alikuwa anaoga.

Akaona umati, mikeka, mimi na kanga kichwani. Akashtuka.

"Hadija! Mbona hivyo? Nani kafa?"

Hadija akajibu, "Wewe."

Mama akanyanyuka peke yake, akaipokonya ile simu, akakigusa kioo kwa vidole kama anamfuta ile sabuni.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Sema tena."

"Ni mimi, mama. Niko hai. Tatizo ni..." Akajifuta povu. Nilikuwa nimevuka tambarare nzima ili nimsemee maneno hayo, na sasa akayasema mwenyewe. "Nilikatwa mguu, mama. Wa kulia. Tangu mwaka jana. Nilishindwa kukwambia."

Mama akamtazama. "Mguu tu?"

"Mguu tu, mama."

Akawageukia watu, simu juu mkononi. "Mguu tu! Jamani, ni mguu tu!"

Mwanamke mmoja, yule yule aliyekuwa anaongoza kilio, akapiga kigelegele. Wakamjibu wengine. Naapa kwenu, jambo lililotunyima usingizi miezi yote ile lilipigiwa vigelegele Ujiji.

Watu walikuwa wameshafika na kuni zimeshafika, hakuna aliyeruhusiwa kuondoka. Samaki aina ya migebuka wakapikwa na mawese, ugali wa muhogo ukasongwa, waliokuja kulia wakala. Mzee mmoja alikuja amechelewa na rambirambi zake, ikabidi aelezwe upya, akakaa akala naye.

Lakini lililonifanya niandike uzi huu ni hili.

Kabla jua halijazama mama aliniita chumbani, akafunga mlango, tukampigia tena. Akamwambia, "Sasa nionyeshe."

Mume wangu hapendi kuonyesha. Hata kwangu mimi ilimchukua muda. Akasita, kisha akashusha simu.

Mama aliangalia muda mrefu. Nilijiandaa kumshika. Hakulia.

"Wewe ulikuja kwa miguu," akamwambia. "Sijawahi kukusimulia. Mkunga aliogopa, akasema huyu hatapona. Huo mguu wa kulia ndio ulitangulia kutoka. Akaniambia gusa, mama, upate nguvu. Nikaushika kabla sijajua kama ni mvulana au msichana."

Akaisogeza simu karibu na uso.

"Basi huo mguu umetangulia tena. Wewe usiufuate."

Mume wangu hakuwahi kuulilia ule mguu. Hospitali hakulia, nyumbani hakulia. Pale alilia kama mtoto, na mama akamwacha alie, hakumwambia nyamaza.

Nilichojifunza wakuu ni kidogo. Sisi tulijiona tunamlinda mama. Kumbe tulikuwa tunamzuia kufanya kazi yake. Dawa ya mwanawe alikuwa nayo yeye, na tuliifungia nje kwa sababu ya woga wetu.

Kama una jambo na mzazi bado yupo, mwambie wewe, kwa mdomo wako, leo. Hata kwa simu. Usitume mtu, na hasa usimtume na baiskeli yako.

Kesho tunapanda treni, mama, mimi na baiskeli. Hajaomba ruhusa ya mtu, amefunga tu mzigo. Anasema anakwenda kumwona mtu wake.

Nani humu aliwahi kuficha ugonjwa kwa wazazi? Mlisemaje siku ya kusema, na wao walisemaje? Andikeni, hata kwa kirefu, nina treni ndefu ya kuwasoma.