Meza ya Kusokotea Chai

Kaka yangu alipoteza mkono wa kulia kiwandani, kwenye mashine ya kusokota majani ya chai. Mimi nilikuwa bado nasoma. Aliporudi nyumbani Kisondela kutoka hospitali, mama alimlisha siku tatu. Siku ya nne kaka alimnyang'anya kijiko, akala mwenyewe kwa kushoto, mchuzi ukimwagika kifuani, na sote tukajifanya hatuoni.

Kiwanda kilikuja kufungwa miaka mingi baadaye. Wakati huo nilikuwa na karakana mjini Tukuyu. Nilichomelea mageti na madirisha, na nilikuwa nimeanza kutengeneza samani kwa vyuma chakavu: viti vya springi za lori, stuli za gia kuukuu. Wenye nyumba za wageni walivigombania. Niliposikia mitambo ya kiwandani inakatwakatwa na kuuzwa, nilikodi kirikuu, kigari cha mizigo, nikaenda.

Nilirudi na meza ya mashine ya kusokotea, duara zito la chuma lenye mbavu za shaba juu yake. Mashine za namna hiyo zilikuwa kadhaa. Nilijiuliza ni ipi iliyomkamata kaka, kisha nikaamua nisimuulize mtu.

Kaka alikuwa na kawaida ya kupita karakana siku ya gulio. Gulio lililofuata aliingia, akasalimia, akaiona ile meza. Akainama, akagusa ubavu mmoja wa shaba uliokuwa na kovu la kuchomelewa.

"Hapa walikata ili kunitoa," alisema. "Fundi wetu akaja kuuziba baadaye."

"Kaka, sikujua."

"Hukuuliza."

Nilidhani ataondoka. Badala yake aliomba msasa, akavuta stuli, akaanza kusugua kutu kwa mkono wa kushoto. Alisugua mpaka jioni, mimi nikichomelea miguu ya meza.

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni alikuja kuichukua meza wiki iliyofuata. Kaka alikuwepo.

"Ina historia yoyote?" yule mama aliuliza. "Wageni wangu wanapenda vitu vyenye historia."

Nilimtazama kaka.

"Ilikuwa ya kusokotea chai," alisema. "Basi."

Tangu siku hiyo hakuja tena. Gulio la kwanza, la pili, la tatu. Nikapanda bodaboda kwenda Kisondela, nikamkuta anapalilia migomba, mpini wa jembe ameubana kwapani upande wa kigutu.

"Umenikasirikia, kaka?"

"Wewe? Hapana." Aliendelea kupalilia. "Miaka yote nilijua iko kule kiwandani, imefungiwa, kufuli mlangoni. Nikilala najua iko kule. Sasa watu wanakula chakula juu yake, mdogo wangu. Iko popote."

Nilienda kwa yule mama kumwomba anirudishie, nikamweleza sababu. Alisikitika kweli, machozi yakamlengalenga. Lakini alikataa, na nilipogeuka kuondoka nikamsikia akiwasimulia kisa cha kaka wageni wawili waliokuwa wanakunywa chai mezani pale. Mmoja aliinua kikombe chake, akachungulia chini, akitafuta lile kovu.

Sijamwambia kaka hayo. Nikienda Kisondela tunaongea habari za maparachichi na mvua, na mikono yangu naiweka mfukoni.