Maiki Kwenye Meza ya Fundi

Fundi wetu wa nguo tunamwita Futi, kwa sababu ile futi yake ya kupimia haimtoki shingoni. Anakula nayo, anasinzia nayo, na siku ya kumzika mumewe alikwenda nayo makaburini bila kujua, mpaka shemeji yake akamvua taratibu akaitia mfukoni. Ni mwanamke mfupi, mpana wa mabega, sauti yake ya kukwaruza, na ukimkosea hakuweki kiporo. Anakupa yako ikiwa bado ya moto.

Chumba chake kiko nyuma ya soko, ukuta mmoja na kinyozi. Ndani mna cherehani, meza ya kukatia, pasi, pazia la kubadilishia nguo na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Mbele ya kioo saruji imelika kidogo, mahali wanaposimama watu kupimwa. Mimi napita pale karibu kila siku. Miguu yangu haijui kukaa nyumbani, na suruali zangu zinazidi kunipwaya, kila mara lazima zibanwe kiuno.

"Mzee, wewe unapungua kama sabuni," huniambia. "Siku moja nitabana suruali nikute hamna mtu ndani."

Sasa niwaeleze anavyopima, maana ndiko mambo yalikoanzia. Mtu akisimama mbele ya kioo, hata awe nani, anajibana. Anavuta tumbo ndani, anainua kifua kama anapigwa picha. Ukimpima hivyo, nguo itamkataa siku ya kwanza atakapokaa kitini. Kwa hiyo Futi anawasemesha. Anauliza jambo dogo, mama anaendeleaje, yule mpangaji kelele amehama? Mtu akianza kusema hawezi kubana pumzi, mwili unarudi kuwa wake, na hapo futi inapita. "Pumua," anasema, "pumua, usinidanganye." Na watu wakipumua, wanamwaga. Nimekaa kwenye benchi la nje na kusikia watu wazima wakilia nyuma ya lile pazia. Mimi huinuka nikaenda kutembea. Futi alikuwa na neno lake moja tu: "Nikikunja futi, nimekunja na mdomo."

Mumewe alipofariki, chumba kikawa kimya. Ndipo akaanza kutembea na kile kidude cha sikioni, sikio moja, lile jingine la wateja. Nikadhani ni redio.

"Siyo redio, mzee. Podikasti."

"Ndiyo mdudu gani huyo?"

Akacheka, akanitia kile kidude sikioni. Nikasikia wanawake wawili wanazungumza juu ya ndoa zao, wanakatizana, mmoja anakohoa, mwingine anamwambia anywe maji. Nikageuka kuwatafuta.

Mimi shule niliishia njiani, lakini nitaeleza nilivyoelewa. Redio ni kama gari la abiria, ukichelewa limekuacha. Podikasti inakungoja wewe. Mtu anakaa na simu yake na maiki, anazungumza, anaweka mazungumzo kwenye mtandao, na wewe unayachukua unapotaka. Mteja akiingia unayasimamisha, akiondoka unayaendeleza palepale kwenye neno lililokatika. Anayezungumza hahitaji kibali cha kituo wala sauti nzuri ya kusomea habari. Ndiyo maana zimejaa kila kona, za mpira, za dini, za mapishi, za watu wanaosimulia yaliyowapata. Na ndiyo maana watu wanazipenda: mikono ina kazi, macho yana kazi, masikio ndiyo yamekaa bure. Halafu anayesema hasemi na umati. Anasema nawe, karibu, kama mtu aliyekalia ndoo iliyopinduliwa jikoni kwako.

"Mume wangu alikuwa anakaa pale," Futi aliniambia siku moja, akionyesha kigoda karibu na pasi. "Haongei la maana, lakini anaongea. Sasa wanaongea hawa."

Kwa hiyo siwezi kusema podikasti ni mbaya. Zilimshika mkono mjane. Hasira yangu iko kwingine.

Futi ana binti wa dada yake, msichana aliyemaliza chuo na kurudi na cheti na makucha marefu, akapata kazi ya ofisini. Tulimwita Mtangazaji. Alikuwa na podikasti yake, anamwalika huyu na yule, na wasikilizaji wake wote ungeweza kuwaketisha kwenye benchi langu. Akaja kwa Futi na maneno matamu.

"Mama mdogo, wewe ni hazina. Tufanye kipindi cha mambo ya ushonaji."

"Nani atakaa asikilize pindo la gauni?"

"Wapo. Wewe sema tu."

Futi akasema. Alieleza kitambaa kinachochuja na kisichochuja, na jinsi ya kujua bitana mbovu kwa kuisugua kidoleni. Mimi nilifurahi sana. Watu hawakufurahi. Kipindi kikalala pale kama nguo iliyosahauliwa na mwenyewe.

Akarudi tena. Safari hii akasema anataka sauti za kazi tu: cherehani, mkasi, pasi ikitoa mvuke, aziweke chini ya maneno yake kama muziki. Akabandika maiki ndogo yenye taa nyekundu kwenye ukingo wa meza, akasema anakwenda sokoni, atarudi kuichukua.

"Weka," Futi alimwambia. "Cherehani haina siri."

Akaendelea kushona. Ile taa aliiona, kisha macho yakaizoea, ikawa kama kishikizo kati ya vishikizo vingine. Akaingia Mwalimu.

Mwalimu anafundisha shule iliyo juu ya kilima, anacheka kwa kupanda, kama mtu anayekimbia ngazi. Alikuwa mteja wa Futi tangu hajaolewa. Alipofanyiwa upasuaji wa titi, likaondolewa, mtu wa kwanza kumvulia blauzi, ukiacha daktari na mumewe, alikuwa Futi. Futi ndiye aliyemkatia sponji, akaishona ndani ya kila gauni, akaitia uzito kwa kitambaa kilichokunjwa ili isipande anapoandika ubaoni. Shuleni hakuna aliyejua. Hata mama yake mzazi alijua alilazwa kwa uvimbe tu, basi. Siku ile alikuja kupimwa gauni la harusi ya mdogo wake. Futi akamwambia pumua. Akapumua, akasema yote: anavyooga gizani, anavyolala ubavu mmoja, anavyoogopa kukumbatiwa na wanafunzi. Halafu akafanya mzaha juu ya ile sponji, wakacheka wote wawili.

Mimi haya sikuyajua. Niliyajua pamoja na mtaa mzima.

Ilikuwa asubuhi, nipo kwenye benchi. Mwalimu alikuja anatembea haraka, bila mkoba, chaki bado mkononi. Hakunisalimu, na yeye huniamkia hata akiwa ng'ambo ya barabara. Akaingia, nami nikamfuata mpaka mlangoni, akaweka simu juu ya kitambaa alichokuwa anakikata Futi, akabonyeza.

Tukasikia cherehani. Tukasikia futi ikivutwa. Tukasikia sauti ya kukwaruza: "Pumua, usinidanganye." Na baada yake sauti ya Mwalimu, kila neno, mpaka kile kicheko cha kupanda ngazi.

Futi akashika mkasi, hakukata wala hakuuweka chini.

"Mwenzangu alikuwa anasahihisha madaftari huku akisikiliza hii," Mwalimu alisema. "Chumba cha walimu. Akasema, jamani sikilizeni huyu dada, anatia huruma. Akaongeza sauti. Nilipocheka mle ndani ya simu, wote wakageuka. Wote, Futi. Hawakunitazama usoni. Walinitazama hapa." Akajipiga kifuani kwa ile chaki, ikaacha alama nyeupe.

"Mwanangu, mimi sikujua..."

"Mama yangu mzazi sijamwambia! Wewe nilikupa mwili wangu uushike, umekwenda kuutembeza kwenye simu za watu!"

"Ilikuwa ni sauti ya cherehani..."

"Hii ni cherehani?" Akachukua simu yake. "Kitambaa changu nipe."

Futi akampa. Kitambaa kikaanguka, nikainama kukiokota, Mwalimu akanipokonya. Akaondoka nacho kikiburuta.

Mtangazaji alifika mchana, uso unang'aa. Hakuwa na habari. "Mama mdogo, umesikia? Kipindi kimewaka! Watu wanakitumiana kama wendawazimu!"

Nimeishi miaka mingi na nimeona watu wakigombana, lakini sijaona mtu akifura vile bila kupiga kelele. Futi alisema polepole, "Nani kakuruhusu?"

"Sikutaja jina. Hata mtaa sikutaja."

"Sauti yake uliivalisha nini?"

"Mama mdogo, soma basi wanavyoandika! Kuna wanawake wamekatwa kama yeye, wanasema wamelia, wanasema hawako peke yao tena. Mimi nimesaidia watu!"

Na hapo ndipo palipoudhi zaidi, kwa sababu ilikuwa kweli. Walikuwa wameandika hivyo. Mtu akifanya kosa tupu, unamfokea ukamaliza. Huyu alikuwa ameiba shuka la mgonjwa mmoja akawafunika wengine, na anasimama anangoja shukrani.

"Kiondoe," Futi alisema.

"Ndicho kipindi pekee kilichopata wasikilizaji."

Futi akavuta futi kutoka shingoni. "Njoo usimame hapa."

"Unanishonea nini?"

"Simama."

Mtangazaji akasimama kwenye ile saruji iliyolika. Kifua mbele, tumbo ndani. Futi akapitisha futi mabegani, akauliza, kwa sauti yake ileile ya kila siku, sijui aliipata wapi na hasira ile. "Kazi inaendeleaje, mwanangu? Mama yako anasema wamekupandisha cheo."

"Inaendelea."

"Pumua. Umejibana mno."

Ile futi ikashuka kiunoni. Nikaona mabega ya yule binti yakilegea kidogo kidogo.

"Hakuna kazi, mama mdogo," alisema. "Walinifukuza zamani. Asubuhi naaga, naenda kukaa maktaba. Mama anawaambia watu kanisani mwanangu ni bosi, na mimi naitikia. Kuna siku najiambia heri nisirudi nyumbani kabisa." Akaanza kulia, makucha usoni.

Futi hakumkumbatia. Akamshika kidevu, akamgeuza aitazame meza ya kukatia. Maiki ilikuwa ukingoni, taa nyekundu inawaka.

Sijui Futi aliiwasha saa ngapi. Aliitoa kwenye mkoba wa binti mwenyewe, nadhani, wakati wanabishana. Yule msichana alibadilika rangi. Akairukia kama mtu anayezima nguo iliyoshika moto.

"Usiweke! Mama mdogo, nakuomba, usiweke hii!"

"Jina lako halijatajwa," Futi alisema.

"Mama ataijua sauti yangu!"

"Ehe."

Mtangazaji alikifuta kile kipindi palepale, amekaa chini sakafuni, kamasi zinamtoka. Lakini vitu hivi vikishatoka havirudi vyote. Walioshachukua walikuwa wameshachukua. Juma lililofuata nilikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, akafungulia kicheko kile cha Mwalimu kwenye spika yake. Nikamwambia zima.

"Mzee, tulia, hii ni tamu."

"Zima nimesema!"

Mimi si mtu wa kupaza sauti. Wateja wote waliniangalia. Alikataa, basi niliinuka na shuka lake shingoni, nikaenda zangu, na nilitembea na nusu ya kichwa mpaka nywele zikaota zenyewe. Watoto walinicheka. Sijali.

Mwalimu alikwenda kwa fundi mwingine. Nilijua, na Futi alijua. Lakini kwa fundi mpya angelazimika kueleza upya, avue blauzi upya, akatiwe sponji upya, na Mwalimu hakuweza. Harusi ilipokaribia akarudi. Alisimama mlangoni, kitambaa kwenye mfuko, akaniamkia mimi kwanza.

Futi hakuanza na maneno. Alichukua kitambaa kikubwa cha bitana akafunika meza yote, ukingo hadi ukingo. Akatoa kile kidude sikioni, akakitupa ndani ya ndoo ya vipande vya vitambaa, nje, miguuni pangu. Akavuta pazia.

Nilitaka kuinuka nikatembee kama kawaida yangu, ila safari hii nilibaki, nikatega sikio. Hakukuwa na la kusikia. Futi ikivutwa, basi.

"Pumua, mwanangu," Futi alisema.

"Mdogo wako anaendeleaje na maandalizi?" akauliza tena.

Kimya.

"Umejibana. Siwezi kukupima hivi. Gauni litakukataa ukikaa."

"Nipime hivihivi," Mwalimu alisema. "Sitakaa."

Futi akapima. Mwalimu alipoondoka, akakunja futi, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha akachukua chaki, na kila mahali alipochora mstari wa kukata alisogea nje ya kipimo kidogo, kwapani, kiunoni, mgongoni, akiuacha mwili wa zamani uingie, ule uliokuwa unacheka. Alikuwa anatukana peke yake kwa sauti ya chini, meno yamebana pini. Nikamsogezea kigoda cha mumewe akakataa kukaa.